Tambi za Kichina zinakugomea nyumbani? Anza kwa kutafuta maji

Ukifungua boksi la tambi za kukaanga kutoka mgahawa wa Kichina, kila utambi umejitenga na mwenzake, umekolea kahawia, una ladha mpaka ndani lakini hauchuruziki mchuzi, na kabichi bado inalia kwenye meno. Ukipika mwenyewe kwa viungo vilevile, unapata bonge la rangi ya majivu lililokaa kwenye kidimbwi cha soya. Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani kununua chupa nyingine ya sosi. Mara nyingi sosi haina kesi. Mwenye kesi ni maji: yaliyobaki kwenye tambi, yaliyotoka kwenye mboga, yaliyoganda ndani ya nyama, na yale aliyomimina mpishi mwenyewe akidhani anaokoa jahazi.

Nazungumzia chow mein ya Kikantoni, ile iliyosafiri na wahamiaji kutoka Guangdong hadi Marekani, na leo unaikuta Nairobi, Dar es Salaam na popote penye mgahawa wa Kichina: tambi za mayai zilizochemshwa kidogo kisha zikakaangwa kwa moto mkali pamoja na kabichi, karoti, majani ya vitunguu na nyama kiasi. Ipo ndugu yake, lo mein, ambayo tambi zake huchanganywa tu na sosi na huwa na majimaji zaidi. Kama hiyo ndiyo unayoipenda, baadhi ya "matatizo" ya hapa chini si matatizo kwako.

Kidimbwi chini ya karai

Hii ndiyo dalili mama. Kabla hujaiona utaisikia. Chakula kinachokaangika kinalia kwa sauti kali, kavu, isiyokatika. Ile sauti ikishuka ikawa ya kutokota, huna tena tambi za kukaanga. Una mchuzi wa tambi.

Maji yakiwa bado maji hayavuki nyuzi joto 100, wakati rangi ya kahawia na harufu ya kukaanga huanza kujitokeza vizuri kuanzia kama nyuzi 140. Basi karai likishakuwa na maji, hakuna kitakachoungua vizuri mpaka yaishe yote, na hayaishi haraka. Plati ya jiko la gesi la nyumbani hutoa kama kilowati 2 hadi 4, na zaidi ya nusu ya joto hilo linapotelea pembeni. Plati ya karai ya mgahawani hutoa kilowati 30 na zaidi. Kwa plati ya kilowati 3, kukausha mililita 100 za maji, chini ya nusu kikombe, kunachukua kama dakika tatu. Katika dakika hizo tatu kabichi imeshalegea, nyama imekakamaa na tambi zimevimba. Mpishi wa mgahawani anaweza kutupia mboga zenye maji na asijute. Wewe huna moto wa kumsamehe mtu.

Sasa msake mkosaji. Mboga zilizooshwa dakika hiyohiyo zinaingia na maji yao. Osha mapema, zitandaze juu ya taulo safi, na usizitie chumvi kabla hazijaingia karaini, maana chumvi inavuta maji nje. Nyama iliyotoka kwenye friza na haijayeyuka sawasawa itatema maji mekundu mara tu ikigusa moto. Choroko zilizochipua zina maji mengi sana, ziingie mwisho kabisa, sekunde thelathini zinatosha. Na usifunike. Mfuniko unarudisha chini mvuke wote uliojitahidi kutoka.

Lakini mkosaji anayeshinda wote ni kujaza karai. Unapikia watu watano, unatia kila kitu kwa pamoja, chuma kinapoa ghafla na moto hauwezi kukirudisha. Pika kwa zamu. Nyama kwanza, itoe. Mboga ngumu, zitoe. Tambi, tena si zote: gramu 200 za tambi kavu, yaani chakula cha watu wawili, zikaange kwa mafungu mawili kwenye karai la sentimita 30 hadi 35. Kati ya zamu na zamu, subiri karai lirudi kwenye joto lake mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Kila kitu kikutane mwishoni tu, na kisikae pamoja zaidi ya dakika moja.

Na kama kidimbwi kimeshatokea? Usiongeze konifulawa, utapata uji. Mimina kila kitu kwenye chujio juu ya bakuli, futa karai, lipashe upya mpaka lifuke moshi, kisha rudisha vile vikavu kwa mafungu mawili. Yale majimaji ya kwenye bakuli yachemshe pembeni mpaka yabaki kijiko kimoja au viwili vizito, ndipo uyarudishe. Haitakuwa kama ya mgahawani, lakini italiwa bila lawama.

Angalia pia moto wenyewe. Mtungi ukikaribia kuisha, moto unalegea, na wewe unailaumu mikono yako. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye tako la karai unaonyesha gesi haiungui vizuri. Safisha matundu ya plati. Mwenye jiko la mkaa asijione yuko nyuma. Karai la tako la mviringo linakaa vizuri juu ya mkaa kuliko juu ya plati bapa, na kule Penang, Malaysia, wako wauzaji wa tambi za mchele za kukaanga ambao mpaka leo wanashikilia mkaa na hawataki kusikia habari ya gesi. Mkaa uwe umeshika wote, mwekundu, na uwe na kipepeo karibu.

Zimeshikana, ukigeuza zinageuka zote

Hapa kosa limefanyika kabla karai halijawashwa. Pakiti ikisema chemsha dakika nne, ni nne za kula papo hapo, na tambi zako bado zina safari ya pili. Zitoe dakika moja au moja na nusu kabla, ukiung'ata utambi uhisi kiini kigumu kidogo katikati.

Halafu kuna wanga. Utambi ukichemka huachia wanga juu yake, na wanga huo ukipoa unakuwa gundi. Zimwage kwenye chujio, zisuuze kwa maji baridi huku ukizichambua kwa vidole mpaka maji yatoke safi, yasiwe tena na ukungu. Mwitaliano atakukemea kwa kusuuza spageti, na kwa mapishi yake ana haki; hapa hatuhitaji wanga wa kushikia sosi. Ziache zijichuje dakika kumi, zipake kijiko kimoja cha chai cha mafuta, zitandaze kwenye sinia. Ukiwa na nafasi, lisukume sinia hilo kwenye friji kwa saa moja bila kulifunika. Ngozi ya tambi inakauka, na hiyo peke yake inabadilisha matokeo kuliko sosi yoyote utakayonunua.

Tambi zilizotoka kwenye friji zikiwa bonge, usizitupe karaini hivyo ukitegemea mwiko utazitenganisha. Utazikatakata. Zimwagie maji ya moto sekunde chache, zichambue, zichuje tena, zikaushe.

Zinakatika vipande vifupi

Ama zimeiva mno, ama unazikoroga. Tambi hazikorogwi kama ugali: ingiza mwiko chini, inua, achia. Vijiti viwili au koleo ni bora zaidi.

Inawezekana pia umechukua tambi zisizo zake. Zile nyembamba za kupikwa na sukari kwa ajili ya futari zimetengenezwa zilainike, hazina mgongo wa kuhimili kazi hii. Tambi za pakiti za kuiva haraka zinafaa kwa dharura. Nyingi zimeshakaangwa kiwandani, hivyo hunywa maji upesi. Zichemshe dakika moja tu na uweke pembeni kile kipakiti cha viungo.

Kinachozipa tambi za Kikantoni ule unjano na ule mvuto wa kurudi mdomoni ni alkali, mchanganyiko wa kaboneti za sodiamu na potasiamu unaotiwa kwenye unga. Ukikosa tambi za mayai, spageti nyembamba inaweza kudanganywa: tia kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwa kila lita mbili za maji yanayochemka. Tia kidogo kidogo na sufuria iwe kubwa, kwa sababu maji yatafura povu mpaka yamwagike jikoni. Utaona spageti inageuka njano na maji yananukia kama duka la tambi. Isuuze vizuri baadaye. Najua kuna atakayeuliza kuhusu magadi, kwa kuwa ni jamii hiyohiyo ya kemikali na tunayatilia maharage miaka yote. Mimi siyatumii hapa: nguvu yake haitabiriki kutoka jiwe hadi jiwe, na magadi ya ziwani yanaweza kuwa na floridi nyingi.

Zimekauka vizuri, lakini hazina ile harufu ya moshi

Hongera, umeshavuka sehemu ngumu. Harufu unayoitafuta Wakantoni huiita wok hei, na inatokana na mambo kadhaa kwa pamoja: chuma chenye moto mkali sana, matone ya mafuta yanayoshika moto chakula kikirushwa juu ya ukingo wa karai, na sosi inayoungua kidogo pembeni. Mwaka 2020 watafiti wawili wa chuo cha Georgia Tech cha Marekani, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha uchunguzi wa wapishi wakirusha wali wa kukaanga, wakakuta kila mrusho huchukua kama theluthi moja ya sekunde. Karai la mgahawani linarusha chakula hewani na kukipokea, hivyo joto la kutisha halipati nafasi ya kukichoma.

Nyumbani ukirusharusha kwenye plati ndogo unalipoza karai tu. Fanya kinyume: acha. Tandaza tambi zigusane na chuma, usiziguse kwa sekunde arobaini na tano mpaka dakika nzima, zipate madoa ya kahawia upande mmoja, ndipo ugeuze. Sosi usiimwage juu ya tambi. Izungushe kwenye ukingo wa karai, juu kidogo ambako hakuna chakula, iteremke ikichemka na kutoa mvuke wenye harufu kabla haijawafikia wenzake.

Chombo nacho kina maneno yake. Kikaangio kisichonata hakifai, kwani utando wake huanza kuharibika kwenye nyuzi 260 hivi, na sisi tunataka kufika karibu na huko. Karai la chuma ndilo lenyewe. Na mafuta yakishika moto mkubwa: zima gesi, funika kwa mfuniko, ondoka. Maji hapo ni marufuku.

Ladha imepwaya, au chumvi imezidi, au rangi imekataa

Soya zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Nyepesi ndiyo ya chumvi na ladha. Nyeusi ni nzito, ina utamu wa mbali, na kazi yake kubwa ni rangi. Ukitumia nyepesi peke yake, tambi zinabaki zimepauka, unaongeza, zinabaki zimepauka, unaongeza tena, mwisho haziliki kwa chumvi. Ukitumia nyeusi kwa wingi zinakuwa nyeusi kama lami na uchungu kidogo.

Kwa gramu 200 za tambi kavu mimi nachanganya kwenye kikombe, kabla ya kuwasha jiko: vijiko viwili vya chakula vya soya nyepesi, kijiko kimoja cha chai cha soya nyeusi, kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya chaza, kijiko kimoja cha chai cha sukari, na pilipili manga nyeupe ya kubana kwa vidole. Hakuna chumvi ya ziada. Vile vijiko viwili vya soya peke yake vinabeba kama gramu 5 za chumvi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Mgawane na mtu.

Ukiona mchanganyiko ni mdogo mno kwa tambi nyingi hivyo, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Anayefikia nusu kikombe cha sosi amerudi kwenye kidimbwi.

Kikikosekana kitu ambacho huwezi kukitaja, huenda ni ajinomoto, yaani zile chembe nyeupe za MSG za kukoleza ladha. Kikunae Ikeda aliitambua ladha hiyo Tokyo mwaka 1908 akichunguza mchuzi wa mwani, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Hofu kwamba inadhuru mwili ilishika kasi baada ya barua moja kwenye jarida la madaktari la Marekani mwaka 1968, lakini mamlaka ya chakula ya nchi hiyo inaihesabu kuwa salama, na sodiamu yake ni kama theluthi moja tu ya ile ya chumvi ya mezani. Robo kijiko cha chai inatosha. Unga wa mchuzi wa pakiti uache. Una binzari yake, na tambi zitaanza kunukia nyama ya kurosti.

Mafuta ya ufuta yanawaangusha wengi huku kwetu. Tunalima ufuta mwingi, Lindi na Mtwara wanaujua vizuri, lakini mafuta yake yakikamuliwa bila kukaangwa huwa mepesi kwa rangi na kwa harufu. Ya Kichina yanakamuliwa kutoka kwenye ufuta uliokaangwa, ni ya kahawia, na kijiko kimoja cha chai kinajaza chumba. Unayo yale meupe tu? Kaanga ufuta wenyewe kwenye kikaangio kikavu mpaka uwe na rangi ya dhahabu, utwange, unyunyize. Vyovyote vile, yatie baada ya kuzima moto, kwa kuwa moto mkali unaiua harufu.

Mapishi mengi yanataja pia mvinyo wa mchele. Asiyetumia pombe atie kijiko kimoja cha supu ya kuku na matone mawili ya siki, hakuna atakayegundua.

Nyama ngumu kama kandambili

Nyama ya bucha zetu mara nyingi ni ya ng'ombe wa kuchunga, aliyechinjwa asubuhi hiyohiyo. Inafaa kuchemshwa. Kwa moto wa dakika mbili inahitaji msaada. Iweke kwenye friza nusu saa ishike ugumu, ikate vipande vyembamba vya milimita tatu, kisu kikipita kukata nyuzi za nyama badala ya kuzifuata. Kisha nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwa gramu 250, ichanganye kwa mkono, iache dakika ishirini. Soda inabadilisha juu ya nyama isikazane ikipata moto. Ioshe kwa maji ya kutosha, la sivyo utaonja sabuni, na uikaushe kwa kuikamua, maana unajua tunaogopa nini. Malizia kwa soya kidogo, kijiko cha chai cha konifulawa na mafuta kidogo. Bekingi soda, nasisitiza. Bekingi pauda ni kitu kingine.

Kidari cha kuku hakihitaji soda. Konifulawa na ute wa yai vinatosha.

Zinanata karaini

Karai jipya la chuma lazima lifundishwe mafuta. Lisugue kwa sabuni litoke mafuta ya kiwandani, lipashe mpaka rangi ya chuma igeuke, lifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, lipashe tena mpaka moshi uishe, rudia mara kadhaa. Kwa la zamani, tatizo huwa haraka: mafuta yameingia kabla chuma hakijapata moto. Dondosha tone la maji. Likitulia na kuchemka, bado. Likijikunja na kukimbia huku na huku, tia mafuta, yazungushe, tia tambi.

Zikinata upande mmoja, usizing'oe kwa nguvu. Zikishakaangika zitajiachia zenyewe.

Kuna uchungu

Kitunguu saumu kimeungua. Kilichosagwa kinaungua kwa sekunde kwenye moto huu. Kikate vipande, kitie baada ya mboga ngumu, na kisikae peke yake na mafuta zaidi ya sekunde kumi na tano.

Kesho yake zimekuwa kamba

Wanga ukipoa unakakamaa, hiyo ni kawaida ya tambi zote. Zirudishe kwenye karai lenye moto wa wastani na vijiko viwili vya maji, hapa ndipo maji yana ruhusa, funika dakika moja, kisha fungua na uongeze moto mpaka yakauke. Masharti ni kwamba ziliingia friji ndani ya saa mbili tangu kuiva. Zilizolala juu ya meza usiku kucha zitupe, hata kama hazinuki, kwa kuwa kuna bakteria wa vyakula vya wanga ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha.